Bendi Iliyovuka Mpaka: Super Mazembe na Dai la Katanga

Mwishoni mwa mwaka 2024 Wakenya walimbandika rais wao, William Ruto, jina la utani la Kasongo. Walilitoa katika Kassongo, wimbo wa mwaka 1977 wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya wanamuziki wa Kongo waliokuwa wamehamia Nairobi. Wimbo ule ukasambaa upya mitandaoni na kwenye sherehe, ukachezwa na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya bendi yenyewe kusambaratika. Muziki wa zamani unaporudi kwa nguvu namna hiyo, huzuka swali la mirathi: nani ana haki ya kusema huu ni wetu? Nairobi ina jibu lake, nalo si jepesi, maana ndiko wimbo ulikorekodiwa na ndiko ulikopendwa. Kinshasa nayo ina lake, kwa sababu dunia imezoea kuita kila gitaa la Kongo gitaa la Kinshasa. Katanga, ambako safari ya bendi hii ilianzia, imekaa kimya. Sura hii inadai kwa niaba yake. Hoja yangu ni kwamba Super Mazembe ni zao la barabara, ile inayotoka kwenye miji ya migodi ya Katanga, kuvuka mpaka wa kusini, kisha kupanda hadi Dar es Salaam na Nairobi. Asiyeijua barabara hiyo hawezi kueleza kwa nini nyimbo zimeishi muda mrefu kuliko bendi iliyoziimba.

Tuanze mbali kidogo, kwa kuwa muziki uliovuka mipaka na kufufuka una historia pana. Ska ilizaliwa Jamaika kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Ilipofika 1979, vijana weusi na weupe wa Coventry, mji wa viwanda vya magari nchini Uingereza, waliifufua wakaichanganya na hasira ya wakati wao. Jerry Dammers akaanzisha lebo ya 2 Tone, na bendi yake, The Specials, ikawa kinara wa wimbi hilo. Kundi la awali lilidumu muda mfupi sana. Katikati ya 1981 wimbo wao Ghost Town ulishika nafasi ya kwanza Uingereza wakati miji ya nchi hiyo ikiwaka ghasia, na kabla mwaka haujaisha waimbaji wake wakuu walikuwa wameondoka. Hata hivyo hakuna anayeandika historia ya muziki wa Uingereza akaweza kuwaruka. Tukio hilo linatufundisha mambo mawili. La kwanza, umri wa bendi haupimi urithi wake. La pili, muziki haufufuki kwa sababu tu ni mzuri. Hufufuka pale ambapo wageni waliuleta, majirani wakausikia hadi ukawa wao, kisha shida ya zama mpya ikautafutia kazi. Coventry isingekuwa na ska bila familia zilizotoka Karibi kuja kufanya kazi, na hakuna anayeona aibu kutaja Jamaika anapoisifu Coventry. Super Mazembe nao wanastahili kusimuliwa hivyo, chanzo kikitajwa pamoja na makao.

Chanzo chao ni Katanga, na Katanga tangu mwanzo ilitazama kusini na mashariki. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910, mji ambao leo ni Lubumbashi, ilitoka Rhodesia, si kwenye mto Kongo. Migodi ya kampuni ya Union Minière katika miongo yake ya kwanza ilijaa vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mengi kwenye kambi za wafanyakazi ikawa Kiswahili, wakati kule Kinshasa Kilingala ndicho kilichotawala mitaa na majeshi. Hata leo malori yanayobeba shaba na kobalti hupanga foleni mpakani Kasumbalesa, yapata kilomita 90 kutoka Lubumbashi, yakielekea bandari za Bahari ya Hindi na Afrika Kusini. Kutoka Kasumbalesa unaingia Chililabombwe, kisha Chingola na Kitwe. Ni miji ya shaba kama Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, yenye wachimbaji wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi na kutafuta mahali pa kucheza. Kwa mpiga gitaa wa Katanga, hadhira iliyokuwa karibu, yenye fedha na yenye maisha kama yake, ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, na safari ya nchi kavu na mtoni ilikuwa ya siku nyingi.

Tena njia hii ilikuwa imekanyagwa kabla. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya kazi kusini mwa Afrika, alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wimbo wake Masanga ulisafiri mbali na kuwa somo kwa wapiga gitaa wa nchi nyingi. Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda na Edouard Masengo, Mkatanga mwenzake, walikuwa wamefika Nairobi, na Masengo aliishi na kufanya kazi huko kwa miaka. Waliimba Kiswahili kilichoeleweka Nairobi bila mkalimani, na upigaji wao wa vidole viwili uliingia mikononi mwa wapiga gitaa wa Kenya waliokuwa wakitafuta sauti yao. Kwa hiyo bendi za Kongo zilipomiminika Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, zilikuta masikio yaliyokwisha kufunzwa. Huo ndio ushahidi wangu wa kwanza dhidi ya wanaodhani mafanikio ya Super Mazembe yalikuwa bahati ya watu waliotokea mahali sahihi kwa wakati sahihi. Mahali palikuwa sahihi kwa sababu Wakatanga waliotangulia walikuwa wamepaandaa.

Bendi ilianza mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Kama nyingi za wakati wake, ilitafuta riziki Zambia kabla ya kusonga mbele. Mwaka 1974 ilifika Nairobi na kujipa jina la Super Mazembe, linaloelezwa kuwa ni la mitambo mikubwa ya kuchimba na kusukuma ardhi. Waliokulia kando ya machimbo ya Katanga hawahitaji maelezo zaidi: jina lilitangaza uzito na nguvu, na lilibeba mazingira ya nyumbani hadi kwenye kumbi za ugenini. Hawakuwa peke yao. Baba Gaston, Ilunga wa Ilunga, alipitia njia ya mashariki na kufika Nairobi katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1976 wanamuziki waliomwacha wakaunda Les Mangelepa. Orchestra Maquis, nayo yenye asili ya Katanga, ilibaki Dar es Salaam na kuwa bendi ya Watanzania kwa mapenzi. Kuhama kwa wengi hivi kulikuwa na sababu za uchumi. Nyumbani, Rais Mobutu alitangaza mwaka 1973 biashara za wageni zikabidhiwe raia, na maduka mengi yakayumba. Bei ya shaba ikaporomoka muda mfupi baadaye. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, mlango mkuu wa madini kwenda Atlantiki, na mwaka 1977 na 1978 Katanga yenyewe, wakati huo ikiitwa Shaba, ikavamiwa. Nairobi ilikuwa na studio, kampuni za kimataifa za muziki, kiwanda cha kuchapa santuri na maduka yaliyouza hadi nchi jirani. Mwanamuziki aliyetaka sauti yake ibaki kwenye santuri hakuwa na sababu ya kungoja Kinshasa imwone.

Sasa tusikilize kazi yenyewe. Super Mazembe walirekodi muziki wao kwenye santuri ndogo, zenye nafasi ya dakika chache kila upande, na ufinyu huo ukawa shule. Upande wa kwanza ulibeba kisa: waimbaji wawili watatu wakipokezana taratibu, sauti zikiwa zimebanana. Upande wa pili uliachiwa magitaa, yaani sebene, ambapo gitaa la solo, la kati na la ridhimu husukana juu ya besi, na ngoma hushika mdundo wa kavacha uliokuwa umevumishwa na bendi za vijana wa Kinshasa kama Zaïko Langa Langa. Waimbaji kama Katele Aley, Kasongo wa Kanema na Lovy Longomba waliipa bendi sauti nyororo zilizopanda juu bila kupiga kelele. Visa vyao vilikuwa vya nyumbani: mume aliyeondoka, mpenzi anayedanganywa, fedha zisizotosha. Kassongo ni ombi la mke kwa mume aliyeiacha familia. Shauri Yako, utunzi wa Nguashi Ntimbo ambao Mazembe waliuimba upya na kuufanya maarufu, unawahusu wapenzi na maneno ya watu. Mwaka 1983 kampuni ya Virgin ya Uingereza ilitoa albamu yao Kaivaska, jambo ambalo bendi chache za Afrika Mashariki zililiona wakati huo. Ukizisikiliza nyimbo hizi leo, unasikia mpangilio uliofikiriwa, kila gitaa likijua lini litangulie na lini lingoje.

Pingamizi la kwanza ni la wazi. Bendi ilipata jina lake Nairobi, ikarekodi Nairobi, ikanunuliwa na Wakenya. Kwa nini basi isiitwe bendi ya Kenya na mjadala ukafungwa? Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa, na hawa walitunzwa ugenini. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Bila wahandisi wa studio za Nairobi, bila wasikilizaji waliozoea benga na gitaa linalokimbia, Super Vox huenda ingebaki jina kwenye tangazo la baa moja ya migodini. Lakini anayesema hivyo ameeleza mahali mti ulipozaa, hajaeleza mbegu. Wanamuziki waliofika mwaka 1974 walikuwa na miaka saba ya kazi nyuma yao. Walikwisha kujifunza kuburudisha watu wa mataifa na lugha tofauti katika ukumbi mmoja, na ustadi huo hasa ndio uliojengwa na miji ya shaba. Kadhalika walikuja na Kiswahili. Bendi iliyotoka moja kwa moja Kinshasa ingelazimika kujifunza lugha ya wenyeji. Mkatanga aliizungumza tangu utotoni, kwa lafudhi yake. Kudai kwa Katanga hakuipokonyi Kenya kitu, maana wimbo unaweza kuwa na nyumba mbili.

Hapo msomaji makini atanishika. Kassongo, wimbo mkubwa kuliko yote na ndio uliorudi mwaka 2024, umeimbwa zaidi kwa Kilingala. Kama Kiswahili cha Katanga ndicho kilichowafungulia mlango, mbona ushindi wao mkubwa uko kwa lugha ambayo Wakenya wengi hawaifahamu? Swali hili ni zito, na jibu lake linaiimarisha hoja badala ya kuivunja. Nguvu ya wanamuziki wa Katanga ilikuwa kumiliki lugha zote mbili. Kilingala kiliwapa heshima ya muziki wa Kongo, uliopendwa Afrika nzima, na Kiswahili kikawapa ukaribu. Waliimba Kilingala walipotaka ladha na Kiswahili walipotaka kueleweka, mara nyingi ndani ya wimbo mmoja. Msikilizaji wa Nairobi aliyesikia Bwana Nipe Pesa na Shauri Yako alikwisha kuwaona hawa ni watu wanaoyajua maisha yake. Walipombadilishia lugha, aliwafuata. Jina Kasongo lenyewe ni la kawaida sana Katanga na Maniema, na msikilizaji hakuhitaji kamusi kutambua kwamba mwanamke anamwita mtu arudi nyumbani. Wanaosema Mazembe walinakili Kinshasa tu wanasahau kwamba bendi za Kinshasa zilikuwa na nyimbo nzuri zisizo na idadi, na chache kati ya hizo zimekaa kwenye midomo ya Wakenya kama huu.

Pingamizi linalouma zaidi linatoka kwa wanamuziki wa Kenya wenyewe. Wengi walilalamika kwamba bendi za kigeni zilichukua kumbi, redio na fedha, wakati wenyeji wakikosa nafasi. Malalamiko hayo yalifika juu: Machi 1980 redio ya taifa, Sauti ya Kenya, iliagiza asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya, na baada ya muda mfupi, kampuni za santuri zikipinga, agizo likalegezwa. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Rais Kenneth Kaunda alikwenda mbali zaidi kwa kutaka asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Zambia, na katika zama hizo ndipo vijana wa miji ya shaba walipounda roki yao wenyewe, Zamrock, na bendi kama WITCH. Mfano wa Zambia unaonyesha kwamba kulinda wenyeji kunaweza kuzaa matunda, na sitaki kuwadharau Wakenya waliodai nafasi. Mwanamuziki anayenyimwa jukwaa katika mji wake ana haki ya kulalamika. Ila hesabu ya hasara lazima iwekwe kando ya hesabu ya faida. Vijana wa Kenya waliingia katika bendi hizo, wakajifunza ndani yake, na sauti ya Nairobi ya miaka hiyo ikawa mchanganyiko ambao hakuna upande ungeuunda peke yake. Tena kilichoua santuri hakikuwa Mkongo. Kaseti za wizi za miaka ya 1980 zilimnyang'anya mwenyeji na mgeni kwa pamoja. Masharti ya vibali vya kazi yalipokazwa katika muongo huo, Wakongo wengi walitawanyika, na Super Mazembe wakavunjika katikati ya miaka ya 1980. Kuondoka kwao hakukuirudishia Nairobi biashara ya santuri.

Limebaki pingamizi la mwisho, kwamba ufufuko wa 2024 ni mzaha wa kisiasa tu, na mzaha hauthibitishi urithi wa muziki. Waliolibandika jina hilo hawakuwa wakifikiri juu ya magitaa, ni kweli. Lakini kwa nini walichagua wimbo huo, kati ya maelfu yaliyopo? Kwa sababu kisa chake kilikuwa tayari kimekaa katika kumbukumbu ya watu: yupo aliyepewa dhamana ya nyumba, naye ameipa kisogo, na aliyeachwa anamwita mbele ya wote. Wananchi waliokuwa wamelalamikia kodi na ahadi mwaka mzima walipata ndani ya wimbo wa ndoa umbo la shtaka lao. Ghost Town ilikuwa imefanya kazi ya namna hiyo Uingereza mwaka 1981. Wimbo dhaifu haubebi maana mpya ya uzito huo. Zaidi ya hapo, kuna njia nyingine za kufufuka, na kuzilinganisha kunaangaza. WITCH walirudi kupitia wakusanyaji wa santuri wa Marekani na Ulaya waliochapisha upya kazi zao, na mwaka 2023 mwimbaji wao Emmanuel Jagari Chanda akatoa albamu mpya, Zango. Les Mangelepa nao walitoa Last Band Standing mwaka 2017. Hizo ni heshima zinazostahili, zilizotolewa kwa wazee wakiwa wangali hai. Kassongo ulifufuliwa na umma bila kampuni wala mratibu, na ufufuko wa aina hiyo haununuliki. Ungeweza kuongeza kwamba kila Desemba redio za Afrika Mashariki hupiga wimbo wa Krismasi wa Baba Gaston, na kwamba watoto wa Lovy Longomba, kwa jina la Longombas, walikuja kuwa nyota wa muziki wa vijana Nairobi. Urithi umepita kwenye damu, kwenye kalenda na kwenye siasa.

Basi Katanga ifanye nini? Desemba 2021 UNESCO iliandikisha rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo mbili. Tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Lakini simulizi inayoambatana na heshima hiyo ni ya miji miwili inayotazamana kwenye mto, Kinshasa na Brazzaville. Barabara ya kusini haimo, na wanamuziki walioipeleka rumba kwa mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili hawamo. Pengo hilo halitazibwa na mtu mwingine. Lubumbashi ina makumbusho ya taifa na ina chuo kikuu kilichotafiti kwa miaka mingi Kiswahili na maisha ya wafanyakazi wa migodi. Taasisi hizo zinaweza kukusanya santuri, picha, mikataba na simulizi za waliovuka, na kufanya hivyo pamoja na wenzao wa Kitwe, Dar es Salaam na Nairobi, kwa kuwa nyaraka nyingi ziko huko. Haki za watunzi nazo zifuatwe. Wimbo unaochezwa mara mamilioni mtandaoni unaingiza fedha mahali fulani, na familia za waliouimba zina haki ya kujua ni wapi. Shule za Katanga zinazofundisha historia ya shaba zifundishe pia kwamba watu waliovuka mpaka huu walibeba kitu ambacho bei yake haikuporomoka mwaka 1974. Kenya imefanya sehemu yake kwa kuzipenda nyimbo hizi kwa nusu karne. Upande wetu umebakiwa na kazi ya kuzitambua, na kila mwaka unaopita mashahidi wanapungua.